Usiitikie Salamu, Mzee Wangu

Mzee alikuwa amelala kifudifudi, mto chini ya tumbo, shati limepandishwa hadi mabegani, jeli imejaa kiunoni. Nilikuwa nimeishika probu, kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi kinachowekwa juu ya ngozi, kwa dakika nzima bila kupumua vizuri, na rangi kwenye skrini zilikuwa ndiyo kwanza zimetulia, buluu safi isiyotikisika, rangi ya msuli uliolegea. Mlango ukafunguliwa. Binti wa mapokezi akachungulia, akaona mvi, akasema alichofundishwa nyumbani kwao: "Shikamoo babu."

Mzee akainua kichwa kitandani, akageuza shingo, akaitikia kwa ukamilifu wote: "Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"

Skrini ikawaka. Buluu ikageuka njano, njano ikaingia wekundu, na namba iliyokuwa imekaa kwa utulivu ikapanda zaidi ya mara mbili. Ukiwa umelala kifudifudi huwezi kuinua kichwa bila misuli ya mgongo kuvuta, mpaka ile ya chini kabisa kiunoni. Nikamwomba alale, tukangoja, buluu ikarudi. Tukaanza upya. Safari hii akaingia muuguzi wetu kuchukua faili, naye ni mtoto wa watu, hawezi kupita mbele ya mzee kimya.

Baada ya mara ya tatu nilichukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene TAFADHALI USIAMKIE, nikaibandika mlangoni. Watu wa Tanga walinisema sana kwa karatasi ile. Mama mmoja aliniuliza kama nimehamia dini gani.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kliniki yetu ni ndogo, vyumba vitatu maeneo ya Chumbageni, na kazi yangu kubwa ni migongo. Wavuvi wa Sahare wanaovuta nyavu, wabeba magunia wa soko la Mgandini, akina mama waliokwisha kuinamia karai la maandazi tangu kabla ya adhana ya alfajiri, madereva wa mabasi ya Dar. Hatuko peke yetu: makadirio ya kimataifa yanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa kiuno, na hakuna ugonjwa unaowaweka watu wengi zaidi nje ya shughuli zao. Ila kila mtu anakuja na mgongo wake, na maneno yake ni yaleyale. Umekaza. Umekuwa ubao. Kiuno kimekamata. Wanaume wengi huongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda ni ngiri.

Kwa miaka mingi nilijibu maneno hayo kwa vidole. Nabonyeza, nasikiliza nyama, nasema "kweli, umekaza hapa," mgonjwa anaridhika, na mimi naridhika. Nilipokwenda masomoni nje nikaona mashine inayopima ugumu wa msuli na kutoa namba, niliingiwa na tamaa. Ndiyo maana kampuni moja inayouza vifaa vya hospitali ilipokubali kutuachia mashine yenye uwezo huo kwa majuma matano ya majaribio, nilisafisha chumba cha pembeni kama mtu anayengoja mgeni kutoka Maka.

Kipimo chenyewe kinaitwa elastografia. Ultrasaundi ya kawaida, ile ya wajawazito, hutuma sauti ambayo sikio halisikii, nayo hukimbia ndani ya mwili takriban mita 1,540 kwa sekunde, ikarudi na umbo la vitu. Utaona msuli una unene gani, mfupa uko wapi. Ukiuliza msuli huo ni mgumu au laini, haina jibu. Mtafiti Jonathan Ophir na wenzake kule Houston, Marekani, ndio walioipa jina hiyo elastografia mwaka 1991. Wao walikuwa wanabonyeza nyama na kulinganisha picha ya kabla na ya baada. Njia niliyotumia mimi ilikuja baadaye, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Paris katika kundi la mwanafizikia Mathias Fink. Hapa mashine yenyewe ndiyo inayosukuma. Probu hutuma mpigo wa sauti wenye nguvu kidogo, nyama inasogea kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na kutoka pale pa kusukumwa yanaondoka mawimbi yanayotambaa kwenda kando. Hayo ni ya polepole, mita moja hadi kumi hivi kwa sekunde. Mashine huyafuata kwa kupiga picha maelfu kila sekunde.

Wagonjwa niliwaeleza kwa kamba ya kuanikia nguo. Ichape kwa kidole ikiwa imelegea, utaona wimbi linakwenda kivivu. Ikaze, uichape tena, hata jicho halitaliwahi. Msuli nao ni hivyo hivyo: kadiri ulivyokaza, ndivyo mawimbi yanavyopita haraka. Mashine inapima kasi, kisha inaifanyia hesabu kupata ugumu kwa kizio kinachoitwa kilopaskali. Kasi ya mita 2 kwa sekunde ni kama kilopaskali 4. Mita 3 ni 9. Kasi inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo tofauti ndogo ya kasi huzaa tofauti kubwa ya namba. Hesabu hizi nilizijua kichwani. Nilikuja kuzijua kwa aibu baadaye.

Juma la kwanza lote nilipima vibaya. Mikono yangu ni ya mkandaji, imezoea kuzama, na bila kujijua nilikuwa naikandamiza probu kama dole gumba. Msuli ukibanwa unakuwa mgumu. Mashine inasema kweli, ila inasema kweli juu ya mkono wako. Wembamba ndio walionihukumu: mtu asiye na mafuta chini ya ngozi, kila nikimpima namba ziko juu. Nikaanza hata kujenga nadharia juu ya watu wembamba. Muuguzi aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyesema, "Mbona unambana hivyo?" Nikaangalia ngozi, nikaona alama ya probu, mstatili mwekundu kama muhuri wa posta. Tangu hapo nikawa namimina jeli nyingi, probu ielee juu yake kama ngalawa, na nikiona tabaka jeusi la jeli limetoweka kwenye picha najua nimeanza tena.

Unene nao una shida zake. Msuli niliokuwa nautafuta, multifidasi, umelala ndani kabisa, ubavuni mwa pingili za uti wa mgongo. Kwa mtu mwenye nyama za kutosha unaweza kuwa sentimita nne au tano chini, na huko mpigo wa kusukuma unafika umechoka. Sanduku la rangi linabaki na matundu. Nilikuwa na dada mmoja, mnene na mcheshi, aliyeniuliza kwa nini skrini yake ina mabaka kama khanga iliyochujuka. Nikamwambia mashine imeshindwa. Ningeweza kuchagua kibaka kimoja kizuri nikaandika namba, na sidhani kama kuna ambaye angejua.

Kisha upande. Msuli una nyuzi, na mawimbi hupita upesi zaidi yakifuata nyuzi kuliko yakizikata. Nilikuwa nalieleza jambo hili kwa maneno mengi mbele ya bibi mmoja aliyefanya kazi ya mkonge miaka na miaka, upande wa kupiga brashi na kufunga marobota. Akanikatiza. "Mwanangu, unataka kusema ni kama singa za mkonge. Ukipitisha mkono kwa urefu unateleza, ukipitisha kwa kukingama unakwama." Nilimwibia mfano huo siku hiyohiyo. Shida ya multifidasi ni kwamba singa zake hazikulala sambamba na uti wa mgongo. Zinakwenda mshazari, na za chini hazifanani na za juu. Ukiweka probu wima tu kwa mazoea, leo utapata hivi, kesho vile, kwa mtu yuleyule. Inabidi uizungushe taratibu mpaka uone nyuzi kwenye picha zimenyooka kama mistari ya daftari, ndipo ubonyeze. Nami nilijiwekea utaratibu: mgonjwa apumzike dakika kumi kwanza, maana wengi walifika kwa baiskeli na kupanda kitandani wakihema, picha tatu, kisha wastani.

Nirudi kwenye aibu niliyoitaja. Juma la pili nilimpima kijana mbeba magunia, mzima kabisa, aliyekuja kwa hiari ili nipate mgongo usiouma wa kulinganisha. Usiku nikafungua makala za utafiti, nikaona namba zake ziko kama mara tatu ya walizoandika wenzetu. Mara tatu! Nilikaa kitandani nikiwaza: kubeba magunia kumemgeuza msuli kuwa jiwe, na mimi nimeligundua jambo hilo hapa Tanga. Nilianza kuandika. Nashukuru sikumtumia mtu.

Asubuhi nikasoma kwa makini. Mashine za namna hii zina tabia mbili. Nyingine hukupa ugumu wa moja kwa moja, kasi kwa kasi kama nilivyoeleza. Nyingine huizidisha namba hiyo mara tatu, kwa hesabu inayodhani kwamba nyama inafanana pande zote. Kwa ini dhana hiyo inakubalika. Kwa msuli, wenye singa zake, haikai vizuri. Mashine yetu ilikuwa imewekwa kwenye kuzidisha, makala zilikuwa zimeandika bila kuzidisha, na ugunduzi wangu wote ulikuwa ile mara tatu ya hesabu. Siku hizi nikisoma utafiti wowote wa ugumu wa misuli, kabla ya matokeo natafuta wametumia hesabu ipi. Ikiwa hawakusema, nafunga.

Hata baada ya kurekebisha, kijana yule alikuwa na mgongo mgumu kuliko wengi niliowapima, naye hakuwahi kulala na maumivu hata siku moja. Nikamweka kando akilini. Halafu akaja fundi baiskeli.

Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi huyu anazijua zote. Yeye hukaa chini ya mwarobaini, mtaa wa Ngamiani, ameinamia magurudumu tangu ujana. Alikuwa na miezi minane ya maumivu. Alisema mgongo wake umekuwa chuma. Asubuhi anautoa kitandani kama anayetoa mlango uliovimba kwa mvua. Nilimbonyeza kwa vidole, nikasema moyoni, huyu ndiye. Nikamlaza, nikangoja dakika kumi, nikapima kwa adabu zote nilizojifunza. Laini. Nikarudia upande wa pili. Laini. Ulikuwa miongoni mwa misuli milaini zaidi niliyoipima majuma yale.

Nikamwambia, na hata kwa furaha: "Habari njema kaka, msuli wako hauna tatizo. Haujakaza kabisa."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo daktari, mimi mwongo."

Akavaa shati juu ya jeli, akaondoka.

Nililala vibaya usiku ule. Sikumwita mwongo, lakini ndicho alichosikia, na ukweli ni kwamba nusu ya akili yangu ilikuwa inauliza hivyo hivyo. Nilisoma zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha kazi juu ya watu wenye maumivu ya mgongo wanaosema mgongo wao ni mgumu. Waliwapima kwa kifaa kinachosukuma uti wa mgongo, wakakuta hisia ya ugumu haiendani na ugumu wenyewe. Ilielekea zaidi kuwa namna ya mwili kujikinga, onyo ambalo ubongo unalipa sura ya kukakamaa. Na kwa upande wa elastografia, tafiti za multifidasi zinapingana: baadhi zinakuta wenye maumivu wana misuli migumu zaidi, nyingine hazioni tofauti. Hakuna namba unayoweza kuichora mstari ukasema juu yake ugonjwa, chini yake uzima. Mimi nilikuwa nimeuchora huo mstari kichwani bila kumwambia mtu.

Juma lililofuata nikachukua baiskeli yangu, haikuwa na pancha, nikaenda chini ya mwarobaini. Nikamsalimu, nikasema, "Kaka, niwie radhi kwa yale ya juzi. Nilisema msuli, sikusema wewe." Hakujibu. Akaigeuza baiskeli juu chini, akaanza kukagua breki ambazo sikulalamikia. Nikamweleza niliyoyasoma, kwa kubabaika, kwamba mtu anaweza kuhisi chuma na nyama ikawa laini na vyote viwili vikawa kweli.

Akaminya breki, gurudumu likasimama. "Shika raba hiyo." Nikaishika. "Ngumu?" Laini, nikasema. "Sasa gurudumu limesimamishwa na nini?" Akaachia, akaminya tena. "Waya. Kuna mkono huku juu unavuta. Wewe ulikuwa unapima raba."

Alirudi kliniki keshoye. Safari hii sikumlaza. Nilimkalisha kwenye stuli, probu mgongoni, skrini nikaigeuza aione, nikaangusha spana sakafuni nikamwomba aiokote. Kabla hajainama hata inchi moja, akiwa bado anaitazama tu ile spana, aliziba pumzi na rangi ikapanda. Tukarudia. Ikapanda tena, kabla. Akacheka. "Naona mkono," alisema. Nikamwomba atoe pumzi kwanza ndipo ainame. Mara ya nne au ya tano buluu ilimsindikiza mpaka katikati ya safari, kisha ikapanda kama inavyopaswa kupanda kwa mgongo wowote unaofanya kazi. Ndiyo tuliyofanya kwa majuma yaliyofuata, na mashine ilipokuwa haipo tulifanya bila mashine: kutoa pumzi, kuinama, kuokota, kuongeza uzito kidogo kidogo. Hajapona kama mtu aliyezaliwa upya. Anafanya kazi siku nzima, na asubuhi mlango unafunguka.

Baada ya hapo nilibadili lugha yangu. Neno "kawaida" nililiondoa, maana kwa anayeumia ni kama kufukuzwa. Nilianza kusema, "Msuli una uwezo wa kulegea, tumeuona ukilegea, tutafute kinachouvuta." Namba nikawa siitaji mpaka mtu aiulize.

Kuna mama mmoja lazima nimseme, ingawa hadithi yake haina uhusiano na rangi. Alitoka upande wa Pongwe, analalamika mgongo miezi kadhaa. Nilimpima, namba zikawa nzuri, ulinganifu mzuri kushoto na kulia, picha safi kuliko zote. Nilikwisha kumwandikia mazoezi. Alipokuwa anafunga kitenge nikaona amekizungusha mara nyingi kiunoni, kama kilikuwa cha mtu mwingine. Nikamuuliza amepungua? Sana. Usiku je? Homa na jasho, na maumivu yanazidi akilala. Hayo ni maswali ya mwaka wa pili chuoni, sawa na kuuliza kama miguu inakosa nguvu, kama haja ndogo inatoka bila taarifa, kama kuna ganzi sehemu za siri. Huulizwa kabla ya kumgusa mtu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwasha mashine. Nikampeleka hospitali siku ileile. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na dawa zake zipo na anatumia. Kipimo cha ugumu wa msuli hakikuwa na lolote la kusema juu ya pingili zilizokuwa zinaliwa sentimita chache tu chini yake.

Majuma matano yalikwisha. Vijana wa kampuni walikuja na gari, wakaizungushia mashine magodoro kama maiti, wakaniuliza kama tutanunua. Bei yake ilikuwa ya kumliza mtu. Nilisema tutafikiria. Ingekuwa na bei ya pikipiki ningeinunua, si kwa ajili ya namba, bali kwa ile skrini iliyogeuzwa upande wa mgonjwa. Kwa ajili ya namba nisingetoa hata ya baiskeli.

Vidole vyangu vimerudi kazini, ila haviongei kwa ujasiri uleule. Nikibonyeza nikahisi ugumu, najiuliza kwanza kama mtu amelala vizuri, kama amepumzika, kama ni mimi ninayembana. Mara nyingi ni mimi.

Karatasi ya mlangoni niliisahau. Ilikaa miezi, ikapauka kwa jua la saa kumi. Wagonjwa wapya walikuwa wanaingia kimya, wanakaa, wananitazama kwa huruma fulani, nami nikadhani ni maumivu. Siku moja yule mzee wa mwanzo alirudi kwa ajili ya goti. Akasimama mlangoni, akasoma.

"Ile mashine bado ipo?"

"Imeondoka, babu."

Akaibandua karatasi pole pole isichanike, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu. Kisha akaingia, akakaa kitandani, akanikazia macho.

"Haya. Niamkie."

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"